Kwa Nini Mawese Huchacha

Zamani, kabla mafuta hayajajua kuzeeka, mawese aliyoyakamua bibi aliyapikia mboga mjukuu, na ladha ikawa ile ile. Ndiyo maana watu wa vilima vya Kigoma walikuwa na mikono migumu. Kitu kisichoharibika hakina haraka ya kutolewa.

Nyanzira alikuwa mjane mwenye michikichi mingi kuliko wote kilimani. Aliyachemsha matunda yake, akayatwanga, akaengua mafuta yaliyoelea, hata akajaza mtungi uliomfika kiunoni. Aliuweka kwa ajili ya harusi ya Gwimo, mwanawe wa pekee. Kila alipoupita aliugusa kwa kiganja, na moyo ukatulia.

Mwaka mmoja mvua ilikataa kunyesha. Senga, mdogo wake Nyanzira, akapanda kutoka bondeni na binti yake, Neza. Mtoto alikuwa amekauka, na jua likishazama alikuwa haoni kitu; alipapasa kuta kama kikongwe.

"Dada, nipe mawese, hata kikombe kimoja," Senga alisema. "Wazee wanasema wekundu wake ndio unaorudisha macho ya jioni."

"Yale ni ya harusi."

"Harusi ipi, dada? Gwimo bado anang'oa meno ya utoto!"

"Akiba ikishaguswa si akiba tena. Jaribu kwa wengine."

Senga alijaribu kwa wengine. Nao walikuwa na harusi zao. Haukupita muda, magharibi moja Neza alitoka kumfuata mama yake kisimani, asiuone ukingo, akatumbukia.

Baada ya matanga Nyanzira alimkuta mdogo wake amesimama mbele ya mtungi, mfuniko uko chini. Senga hakulia. Aliinama, akapuliza ndani pumzi ndefu.

"Ulichomnyima mwanangu kisikungoje," alisema. "Hewa ikile, mwanga ukile, na wewe ukitazame."

Akaondoka bila kuaga.

Nyanzira aliurudisha mfuniko, na pumzi ya Senga ikafungwa ndani. Hakuthubutu kuufunua tena kwa miaka mingi, hadi Gwimo alipokua, akapata mchumba na wakwe wakaketi mikekani. Alipofunua, wekundu ulikuwa umefifia kama jani kavu, na harufu ilimpanda puani hadi machozi yakamtoka. Kwa ukaidi akapika maharage kwa mawese hayo hayo. Mkwe mkubwa alionja, akatema, akaomba maji. Kisha ukoo mzima wa bibi harusi ukainuka na kwenda zake, na binti yao wakamchukua.

Gwimo aliinamia mtungi, akauliza polepole, "Mama, haya ndiyo uliyoniwekea?"

Kesho yake Nyanzira alishuka bondeni kuomba radhi. Alikuta paa la Senga limeanguka, magugu yamesimama mlangoni, na majirani hawakujua alikokwenda. Au walijua, wakamnyima.

Na tangu siku hiyo mafuta yote, yawe mawese, ufuta au samli, yakiachwa wazi huliwa na hewa na mwanga. Hugeuka ndani kwa ndani, yakachacha, yakakwaruza koo la anayeyameza. Nasi tukajifunza kuyafunika vizuri na kuyaficha gizani ili yadumu. Kugawana hatujajifunza.