Tanuri la Mbelwa

Tanuri lisilofuka silo lililopoa. Vijana waliyasikia maneno hayo barazani, shangazi yao alipomjibu mumewe aliyekuja kuapa kwamba amebadilika. Mume akaondoka kichwa chini, nao wakamfuata Bi Mboni, mzee wa nyumba ile, jikoni kumuuliza maneno yale yalizaliwa wapi. Bi Mboni akaendelea kupeta mchele wake. Yalizaliwa Kwemkole, akasema, kijiji cha wachoma mkaa, na kuzaliwa kwake kulikuwa hivi.

Mbelwa alikuwa mchoma mkaa ambaye mikono yake ilijua kupanga magogo, na ilijua pia kupiga. Alimpiga mkewe, Nambea, kwa chumvi iliyozidi, kwa mlango uliochelewa kufunguliwa, kwa kujibu na kwa kunyamaza. Nambea alivumilia mpaka alipogundua kwamba binti yao mdogo, Mwajabu, akimsikia baba akikohoa uani huweka tonge chini na kuacha kutafuna. Siku hiyo alimbeba mtoto mgongoni, akarudi kwao.

Wazee wa pande zote mbili walikutana. Mbelwa alileta mbuzi wa kuomba radhi kama ilivyokuwa desturi, lakini mjomba wa Nambea akamkataa, akasema mbuzi hajapata kumfundisha mtu. Aende akakae na wanaume wa tanuri.

Tanuri la mkaa haliachwi peke yake. Magogo yakishapangwa, yakafunikwa majani na udongo, na moto ukatiwa, lazima watu walilinde na kuziba nyufa, maana hewa ikipenya, mkaa huwa majivu. Wanaume wa Kwemkole waliowahi kuwaumiza wake zao waliutumia ulinzi huo kuzungumza. Aliyewaongoza ni Sekwao, mtu mzima ambaye mkewe aliondoka na hakurudi. Sharti lao lilikuwa moja: sema mkono wako ulifanya nini, usiseme mkeo alisema nini.

Mbelwa alianza kwa kueleza jinsi Nambea alivyo na mdomo. Sekwao akamkatiza, akamwambia Nambea hayupo hapa, uliyepo ni wewe. Mbelwa akanuna. Baadaye alijifunza maneno ya kikao kama mtu anavyojifunza wimbo wa ngoma ya jirani: midomo iliyajua kabla ya moyo. Mvua zikaja, zikaisha, wala hakufoka. Nyumbani hakukuwa na mtu wa kumfokea, naye akauhesabu upweke ule kuwa upole.

Desturi ya kikao ilikuwa kwamba anayejiona tayari humwita mkewe, aje na ndugu yake, amsikilize mbele ya wenzake. Uamuzi ni wa mke. Sekwao alimsihi Mbelwa asubiri. Mbelwa akamjibu kwamba mgonjwa ndiye ajuaye homa yake imeshuka. Akatuma mtu.

Aliipanga siku hiyo iangukie ufunguzi wa tanuri lake, kubwa kuliko yote aliyowahi kujenga, ili Nambea auone mkaa na ajue kwamba mumewe ametulia na kazi yake. Moshi ulikuwa umekoma jana yake tu. Kilua, mwenzake mwenye utani, alimwonya kwamba udongo ni blanketi, haumwonyeshi aliyelala ndani. Mbelwa aliweka kiganja juu ya udongo, akauona baridi, akacheka.

Nambea alikuja na mjomba wake. Mbelwa alimwamkia mjomba kwa heshima zote, akaketi chini, akaomba radhi kwa maneno mazuri. Uso wa Nambea ukalegea. Alikuwa amechoka kulala jikoni kwa mama yake, na alitamani kuamini. Mbelwa alipouona uso ule, akainuka kwa furaha, akachukua beleshi, akalifungua tanuri ubavuni.

Upepo ukaingia. Tanuri likavuta pumzi, likawa jekundu ndani, kisha likawaka. Wanaume walikimbilia mchanga na maji, wakachelewa. Kazi ya msimu mzima ikaungua mbele ya wageni.

Kilua akakohoa, akafuta macho. "Mbelwa, bwana, ulituita kula ubwabwa au kula majivu?"

Wengine walicheka, kicheko cha hofu zaidi kuliko raha. Mbelwa aligeuka, beleshi liko juu ya kichwa chake. Kilua alijikunja. Lakini Nambea, aliyekuwa mbali kabisa, tayari alikuwa amesimama, kiganja kimefunika sikio la kushoto. Mbelwa alikiona kiganja kile. Beleshi likashuka lenyewe.

"Sikukuinulia wewe," alisema.

"Najua. Lakini mkono wangu haujui."

"Mama Mwajabu, nimebadilika. Waulize hawa kama wamewahi kunisikia nikifoka."

Nambea alilitazama tanuri. "Hata hili halikuwa likifuka. Tanuri lisilofuka silo lililopoa, Mbelwa. Usinitumie mtu tena. Nikitaka kuja, njia naijua."

Mjomba akainuka, wakaondoka.

Watu walidhani Mbelwa atamfuata mkewe, au atamgeukia Kilua. Aliketi. Sekwao hakumharakisha. Hatimaye Mbelwa alisema, "Nilimpiga sikio la kushoto. Alikuwa ameinama akimvisha mtoto nguo. Hakuwa amesema neno." Ndiyo mara ya kwanza alipolisema jambo lile bila kutia sababu.

Tangu siku hiyo, kila mwanamume mgeni aliyefika kikaoni na kusema amekwisha kubadilika, Mbelwa ndiye aliyemrudishia maneno ya Nambea. Mke aliyasema, mume akayaeneza, mpaka yakavuka Kwemkole.

Vijana wakauliza kama Nambea alirudi. Bi Mboni alisema alirudi mwenyewe, baada ya muda mrefu sana, na hakuna aliyeitwa kushuhudia.

Mmoja wao, Kibwana, alikuwa amekasirishwa na jibu la shangazi. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo leo shangazi hakumfukuza?"

"Hakumfukuza, mwanangu. Amekataa kumfungua kabla ya wakati."

Kibwana akasema kama anayejiambia mwenyewe: tanuri lisilofuka silo lililopoa.