Ukoko wa Mzee Ndovu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakilima shamba moja na kupika chungu kimoja, kiongozi wao alikuwa Mzee Ndovu. Mwili wote ule, na bado kila mchana baada ya kulima alishika upawa mwenyewe. Aliwapakulia watoto kwanza, kisha mama zao, kisha wengine wote. Yeye akala ukoko. Ndiyo, ukoko! Alikwangua chungu, kwaru kwaru, huku akipiga soga.

Mzee Ndovu alipofariki, wanyama walilia sana, halafu wakamchagua Kiboko. Kwa nini Kiboko? Kwa sababu naye alikuwa mnene. Msinicheke mimi, wachekeni wao.

Mchana wa kwanza tu, Kiboko alitia kichwa chunguni. Mfyo! Mfyo! Alipokitoa, wali haukuwepo. Ikawa hivyo kila siku. Mbavu za watoto zikaanza kuonekana, na Pimbi, mnyama mdogo asiyefika hata goti la Kiboko, akaumia moyo kwa ajili ya wanawe. Angefanya nini? Apigane na Kiboko? Thubutu!

Akamfuata kwenye tope lake.

"Hodi, Mheshimiwa!"

"Sema upesi, nina usingizi."

"Nimekuja kukuuliza. Mzee Ndovu alipopita, watoto waliacha mchezo wakamwamkia. Wewe ukipita..."

"Wanakimbia," alisema Kiboko kwa unyonge. "Lakini kwa nini, Pimbi? Tumbo langu si dogo kwa lake!"

Pimbi akatazama huku, akatazama kule, akanong'ona, "Mzee alikuwa na dawa."

"Ala! Iko wapi?"

"Hukumwona alivyong'ang'ania ukoko? Imo humo. Ila ina miiko. Upakue kwa mkono wako, uanze na mdogo kuliko wote. Ukionja hata punje kabla wote hawajashiba, dawa imeharibika."

"Na mate yakinitoka?"

"Meza, Mheshimiwa."

Kesho yake Kiboko akashika upawa, machozi yanamlengalenga. "Kula upesi, wewe! Umeshiba? Bado? Lo, mtoto ana tumbo huyu!" Watoto wakala mpaka wakacheua. Kiboko akakwangua ukoko, kwaru kwaru, akajazia na majani ya mtoni. Pimbi alijificha nyuma ya jiwe, akacheka mpaka mbavu zikamuuma.

"Pimbi, imeshaingia?" Kiboko aliuliza kila siku.

"Inaingia polepole. Mwili wako mkubwa, Mheshimiwa."

Sasa kulikuwa na Ngiri, rafiki wa Kiboko, aliyezoea kula ubavuni pake. Siku hizi alipanga foleni kama wengine, na jambo hilo lilimkera kweli kweli.

"Umechezewa, ndugu yangu!" akamwambia Kiboko. "Ukoko ni wali ulioungua. Dawa gani? Pimbi anakucheka!"

Kiboko akainuka. Ti! Ti! Ti! Akamkuta Pimbi jikoni, akambana kwenye mafiga, akanyanyua mguu juu yake.

"Sema kweli! Dawa ipo?"

Pimbi angekimbilia wapi? "Haipo, Mheshimiwa. Nilikudanganya. Wanangu walikuwa na njaa."

"Basi leo utanitambua!"

Mguu ukaanza kushuka. Mara akatokea mtoto wa Digidigi na bakuli lake. Akaliweka chini, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mzee!"

Nyuma yake wakaja wenzake, wameacha mchezo wao, wanasukumana ili wawahi. "Shikamoo, Mzee! Shikamoo, Mzee!"

Kiboko akabaki na mguu hewani.

"Wananiamkia mimi?"

"Sioni mzee mwingine hapa," akajibu Pimbi kutoka chini ya mguu.

Kiboko akaushusha mguu taratibu, pembeni kabisa. Akaitikia, "Marahaba, wanangu. Marahabaa!" Kisha akamgeukia rafiki yake, akanguruma, "Ngiri! Mwongo mkubwa we! Unasema dawa haipo, na hii ni nini? Haya, nipeni upawa, watoto wana njaa!"

Pimbi akajifuta vumbi, akaenda kupanga foleni, na wala hakubishana.

Basi wanangu, anayetaka kuheshimiwa kama mkubwa, awashibishe wadogo kwanza. Maneno yangu yamekwisha, wali umeiva. Mwenye upawa aanze na yule mdogo pale.