Mikono Mirefu ya Leonidas

Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Hawakuwa na maana kwamba mtu ajifiche mvunguni kila radi ipigapo. Walimaanisha kwamba anayeiogopa hatari akajikinga, jioni atarudi kwake na watu wake watacheka. Anayeidharau, kwake watu watalia. Wanaobisha ni wale ambao hawajaziona nyumba mbili hizo katika siku moja.

Antipasi, mzaliwa wa Kinampanda aliyepanga nyumba Mandewa pamoja na mkewe Jenifa, na Leonidas wa Unyambwa walikuwa binamu. Elizabeti, mama yake Leonidas, alikuwa shangazi yake Antipasi. Nanyi mnajua, mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani. Hawa walitaniana tangu wakiota meno, na utani wao mkubwa ulikuwa wa kifo. Wakikutana, mmoja humwuliza mwenzake, "Utakufa lini nirithi ng'ombe?" Mwingine hujibu, "Ng'ombe gani? Si tuliwachinja kwenye matanga yako?" Wenyeji hucheka, wageni hushika midomo.

Wote wawili walipenda mchezo mmoja, mbio za pikipiki za magurudumu manne, ambazo vijana huziita kwadi. Walikuwa wamenunua mbili zilizochoka kutoka kwa mtu wa Arusha. Mwaka huo, baada ya alizeti kuvunwa, vijana wa mjini Singida walitangaza mashindano ya kuanzia nyanda kavu za kando ya ziwa hadi kwenye vilima vya mawe. Basi binamu hao wakaenda kutafuta vipuri dukani kwa Bhumi.

Bhumi alikuwa Mhindi mzaliwa wa Singida, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Duka lake lilinuka mpira mpya, grisi na udi.

"Shikamoo, mama," walisema.

"Marahaba. Leo mmekuja kununua au kunichafulia kioo kwa vidole?"

Leonidas alikuwa ameegemea kaunta. Macho yake yalikuwa yameganda ukutani, kwenye mikono, yaani vile vyuma vinavyotoka kwenye fremu na kushika magurudumu ya mbele. Ilikuwa mirefu kuliko ya kawaida, myekundu kama pilipili iliyoiva. Magurudumu yakikaa mbalimbali, kwadi haipinduki kwenye kona.

"Mikono hiyo ni mizuri, siwezi kuitukana bidhaa yangu," alisema Bhumi. "Lakini inavuta fremu kwa nguvu, na fremu zenu ni za zamani. Anayefunga mirefu abadili na fremu, achukue ile nyeusi iliyoongezwa chuma pale mikono inaposhikia. Kama vyote viwili vinakushinda, anza na fremu."

"Fremu yenyewe inaonekana?" aliuliza Leonidas.

"Haionekani. Inafunikwa na plastiki."

"Sasa mama, nikinunua kisichoonekana, watu watajuaje kwamba nimenunua?"

Alichukua mikono mirefu. Antipasi aliishikashika ile fremu nyeusi, akapitisha kidole kila mahali ilipochomelewa, kama mama anayempapasa mtoto mwenye homa. Akaichukua hiyo, pamoja na mikono mifupi ya kawaida.

"Unaogopa," alisema Leonidas.

"Naogopa sana. Jenifa ana mimba, na yale mawe hayana huruma."

"Basi vaa na gauni lake."

Walikwenda kufungia vyuma hivyo Unyambwa, uani kwa shangazi. Antipasi alikuwa akifuta fremu ya Leonidas kwa kitambaa chenye mafuta ya taa alipoona mstari mwembamba kama unywele, upande wa kushoto, pale pa kushikia mkono. Akadhani ni rangi iliyochubuka. Akakwangua kwa ukucha. Mstari ukaendelea. Akakwangua tena, nao ukaingia ndani ya chuma.

"Binamu, fremu yako ina ufa. Ukiingia nayo kwenye mawe, utakufa."

Leonidas aliangua kicheko. "Umeanza kunizika mapema. Ng'ombe wangu huwapati ng'o."

Majirani waliokuja kutazama wakacheka. Shangazi Elizabeti, aliyekuwa akipepeta mtama, alicheka mpaka ungo ukamtetemeka mikononi.

"Leo sitanii," alisema Antipasi.

"Mtani akisema hatanii, ndipo ametania kwelikweli."

Antipasi alipiga magoti mbele ya shangazi yake. "Shangazi, mkataze. Nimeuona ufa kwa macho yangu."

"Ondoka hapa," alisema mama yule, akifuta machozi ya kucheka. "Juzi ulikuja kunipa pole ya msiba wake, naye amekaa hapa anakula ugali. Nyie watoto mtaniua mimi."

Hapo Antipasi aliogopa kuliko alipouona ufa. Kwa ulimi ule ule alikuwa amemwua Leonidas mara nyingi mno, na ulimi mwingine hakuwa nao.

Siku ya mashindano aliendesha kwadi yake nyuma ya binamu yake, macho yake yakiwa kwenye gurudumu la kushoto. Kwenye nyanda kavu, mikono mirefu ilifanya kazi yake. Leonidas alikata kona kama mwewe, vumbi likawafunika wengine, watu wakamshangilia. Antipasi alipiga kelele, "Simama! Gurudumu linacheza!" Leonidas aligeuka, akampungia mkono, akacheka.

Wakaanza kuteremka kwenye mawe. Kulisikika mlio mmoja tu, kama ukuni mkavu ukivunjwa gotini. Mkono wa kushoto wa kwadi ulichomoka pamoja na kipande cha fremu. Kwadi ikachimba chini kwa pua, ikaruka, ikamwangukia mwenyewe.

Antipasi alifika akitambaa juu ya mawe. Leonidas alimtazama kama mtu anayengoja utani. Kabla gari la wagonjwa halijaja, macho yale yalikuwa yameacha kungoja.

Habari hukimbia kuliko kwadi. Mandewa ilifika ikiwa nusu, kwamba mmoja wa wale binamu amekufa. Yupi, hapana aliyejua. Jenifa alisimama mlangoni, mkono mmoja tumboni, mwingine ukiikunja kanga na kuikunjua. Kila mtu aliyetokea njiani alimkata pumzi. Huyu mrefu mno. Huyu ana baiskeli. Huyu ni mwanamke.

Kisha akatokea mtu mwenye vumbi kichwani hadi miguuni, akitembea kama mzee. Jenifa alimtambua kwa mabega. Akacheka. Hakutaka kucheka, akaziba mdomo kwa kanga, lakini kicheko kilimtoka kwa nguvu, kikamtikisa na tumbo lake, naye akamshika mumewe mashavu, akacheka huku machozi yakimtiririka.

"Ni Leonidas," alisema Antipasi.

Kicheko kikakatika. Jenifa alifunga kanga vizuri, wakashikana mikono, wakaanza safari ya Unyambwa. Hawakuhitaji kuuliza kama habari imefika. Wakiwa bado mbali na nyumba walimsikia shangazi Elizabeti akimwita mwanawe kwa Kinyaturu, akiita na kuita, kama mtu amwitaye aliye shambani arudi ale. Kweli wahenga hawakukosea: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.