Mkono Nyuma ya Pazia

Hapo zamani, wala si zamani sana kwa kuwa mashine ya kupima damu ilikwishafika, wanawake wa Kwembelele walikuwa na haya kupita kiasi. Zahanati ikawawekea pazia lenye tundu. Mjamzito hukaa nyuma yake, hupitisha mkono tunduni, huchomwa sindano, huenda zake.

Saumu, mke wa Mhina, alikuwa na mimba ya miezi minne, na sindano aliiogopa kuliko chui. Kadi yake ikasema apimwe alfa-fetoprotini. Hiyo ni protini inayotengenezwa na ini la mtoto angali tumboni, nyingine ikapenya hadi kwenye damu ya mama. Ikizidi, huenda ni mapacha, au huenda mgongo wa mtoto haukufunga vizuri.

"Mume wangu," Saumu akalia, "shehe alituozesha akasema sisi sasa ni kitu kimoja. Basi kapimwe wewe."

Mhina alimpenda mkewe kuliko alivyopenda akili zake. Akapakwa hina, akavaa bangili, akaketi nyuma ya pazia, akatoa mkono.

Upande wa pili alikaa Shekiondo, mpima damu. Akautazama ule mkono, una manyoya kama wa beberu. Akajisemea, nimeajiriwa kuchoma, sikuajiriwa kuuliza. Akachoma.

Majibu yakatoka juu ajabu. Saumu akapelekwa hospitali kubwa, akapigwa picha ya tumbo: mtoto mmoja, mgongo mzima, anacheza. Shekiondo akasema damu irudiwe. Mhina akavaa bangili, akatoa mkono. Majibu yakapanda zaidi. Shekiondo akasema irudiwe tena.

Hapo Mhina akaingiwa na hofu. Alijua damu ile ni ya nani. Chini ya mbavu za kulia palikuwa pagumu, na chakula kilikuwa hakimpiti tangu mwezi uliotangulia. Lakini akisema, mkewe ataaibika. Akavaa bangili mara ya tatu.

Siku hiyo Bi Mwantumu, mama yake Saumu, alikuwa amekaa barazani pa zahanati. "Mwanangu akichomwa sindano husikika vijiji vitatu," akasema. "Mbona kimya?" Akalivuta pazia. Kwa desturi yao mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Hawa walitazamana mpaka Shekiondo akakohoa.

Kabla ya adhuhuri Bi Mwantumu alikuwa ameifikisha habari kisimani: mkwe wake ana mimba, cheti kinasema. Wanawake wakamletea Mhina udongo wa kula. Wazee wakampisha kiti. Mkunga akaja kumpapasa, akasema mtoto amelala upande wa kulia. Mhina aliona aibu akatamani ardhi immeze, lakini udongo aliula, kwa kuwa ndio pekee uliopita kooni wiki ile.

Shekiondo naye alicheka kutwa. Siku ya pili hakucheka. Akafunga zahanati, akaenda kwa Mhina.

"Ndugu yangu," akasema, "huna mtoto tumboni. Basi ini lako linatengeneza kitu lilichokwisha kuacha ulipokuwa mchanga. Damu imenyoosha kidole tu, haijahukumu. Twende hospitali kubwa wakupige picha."

Mhina akagoma. Shekiondo akamshika mkono ule ule wenye hina, akamvuta hadi kituo cha basi, kijiji kizima kikiwasindikiza kwa vigelegele, kikidhani anakwenda kujifungua.

Picha ikaonyesha uvimbe kwenye ini, mdogo kama ndimu. Ilikuwa saratani, nayo ilikuwa bado haijasambaa. Wakaikata pamoja na kipande cha ini, Mhina akapona. Saumu akajifungua salama mtoto wa kike.

Ikafanywa karamu, akachinjwa beberu. Kwembelele ini la mnyama hupewa mtu mmoja, aliyeokoa uhai, na halikatwi. Akipewa asiyestahili, aliyestahili hatii tena mguu nyumba ile mpaka kufa. Mhina akasimama na bakuli.

Saumu akasema, "Ni langu. Nisingeogopa sindano, damu yako nani angeipima? Woga wangu ndio uliokuweka nyuma ya pazia."

Bi Mwantumu akasema, "Ni langu, baba. Nyuma ya pazia ungekaa mpaka ufe. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimekuumbua kabla yake."

Shekiondo akasema, "Ni langu. Saumu alikuwa anakwepa, mama alikuwa anasengenya. Mimi peke yangu niliacha kucheka."

"Ungeuliza habari ya manyoya siku ya kwanza," akasema Bi Mwantumu.

"Ningeuliza siku ya kwanza, mama, angefukuzwa, na damu ingemwagwa."

Saumu akainyoosha mikono, na mtoto mgongoni. Bi Mwantumu akainyoosha yake, akiangalia pembeni kwa heshima ya ukwe. Shekiondo akainyoosha yake. Mhina akamtazama mkewe, akamtazama mkwewe, akamtazama Shekiondo, na hakuwa tayari kumkosa hata mmoja. Mvuke wa bakuli ukaisha, na watu wakaanza kumwambia aamue.

Haya, mnaonisikiliza, msiniambie ligawanywe, maana halikatwi. Mwoga, mmbeya, na aliyeona manyoya akanyamaza: je, nani alistahili ini?