Fisi, Mshauri wa Mizinga

Mwaka ambao mvua iliwasahau wanyama, bondeni lilibaki bwawa moja tu. Simba na jamaa zake walinywa upande huu, Nyati na kundi lake upande ule, wakikodoleana macho.

Fisi akamwendea Simba. "Mfalme, Nyati analitaka bwawa lote. Tundika mizinga ya nyuki mtini, uifunge kamba. Akithubutu, vuta tu!"

"Nyuki si watatuuma na sisi?" aliuliza Simba.

"Hiyo ndiyo amani yenyewe, Mfalme! Ukiwa tayari kuumwa, nani atakuchezea?"

Simba alipenda sana kuogopwa, akakubali. Kisha Fisi akavuka upande wa pili, akamwambia Nyati maneno yaleyale. Huku ukiongezwa mzinga, kule inaongezwa miwili. Fisi akaitwa Mshauri Mkuu pande zote mbili.

Nyuki wakavuma bwawa zima. Watoto wakaogopa kusogea majini, wakaanza kufa kwa kiu. Fisi aliwazika kwa huruma nyingi, tumboni mwake.

Sungura, ambaye binti yake alikuwa hoi kwa kiu, akaomba baraza.

"Mzee Fisi, mizinga hii ni salama?"

"Salama mno! Tangu itundikwe, nani kapigana?"

"Hakuna. Na wewe unalala wapi?"

"Kule nyuma ya mlima."

"Ala! Mbali hivyo na amani? Hamia hapa chini ya mizinga, Mzee wetu, pamoja na mkeo na wanao. Nyumba tutakujengea."

"Wazo zuri," alisema Simba. "Ahamie leo."

Fisi akaruka nyuma. "Hapana! Je, upepo ukikata kamba? Je, tumbili akiichezea? Nyuki hawajui yupi Simba, yupi Nyati!"

Simba akamtazama Nyati. Nyati akazitazama kamba.

"Kumbe ulijua," alisema Nyati.

Wakafukiza moshi, wakaanza kushusha mizinga: mmoja huku, mmoja kule, kila upande ukichungulia kama mwenzake anashusha kweli. Binti wa Sungura akanywa mpaka akapiga chafya.

"Na ujira wangu?" alilia Fisi. "Walau asali!"

Wakamvisha mzinga kichwani, nyuki wakiwamo. Alifika nyuma ya mlima upesi kuliko siku zote.

Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe.