Kwa Nini Mto Kisaza Ni Mpaka wa Dayosisi

Zamani, kanisa letu lilipokuwa moja tu, bila dayosisi wala majimbo, Namkunda wa Bondeni alikuwa anakandika ukuta wa jiko lake, tope limemfika viwikoni. Jirani yake, Mama Nakiete, akaja anahema.

"Shoga, acha hiyo kazi. Wameita kutoka ng'ambo: Mkutano Mkuu umemhamisha Mchungaji. Anapelekwa Mlimani."

"Nani wetu alikuwepo?"

"Nani angekuwepo? Mto umejaa."

Namkunda alimalizia tope lililobaki, maana likikauka ni kazi mara mbili, kisha akanawa.

Kanisa lilianzia Mlimani, na mwanzoni waumini wote waliishi pale kengele iliposikika. Wakaweka sheria: kengele ikishalia, mambo yanaamuliwa na waliomo ndani, na asiyekuwepo amekubali. Haikuwa sheria mbaya. Wakati huo asiyefika alikuwa mvivu tu. Baadaye mashamba yalipobana, wengine walishuka, wakavuka mto Kisaza, wakalima Bondeni. Sheria ikabaki ileile. Mkutano nao ukabaki masika, kwa kuwa masika watu wa Mlimani hawana kahawa ya kuchuma. Na masika ndipo Kisaza hufurika.

Kwa hiyo kila mwaka Bondeni walikuwa wamekubali. Walikubali michango. Walikubali kengele mpya ambayo hawajawahi kuisikia. Sasa walikuwa wamekubali kunyang'anywa mchungaji, naye alikuwa mmoja tu. Kabla hajaletwa, Namkunda alimzika mumewe kwa nyimbo mbili na sala ya jirani, udongo ukarudishwa, watu wakatawanyika. Hakutaka mwingine azikwe hivyo.

Palikuwa na desturi, na ipo hata leo. Mchungaji akihamishwa, usharika unaomuaga hubeba mizigo yake hadi katikati ya njia, na usharika unaompokea huja kuichukua hapo. Mchungaji hatangulii mizigo yake. Ni aibu kwa pande zote mbili. Mchungaji Elinihaki alifunga vitabu vyake kimya, kwa sababu alikuwa ameapa kuutii Mkutano. Wanawake wakajitwika kitanda, meza, masanduku na tenga la kuku, wakaenda mpaka ukingoni mwa Kisaza. Hapo wakatua mizigo, wakaikalia.

Wazee wa Mlimani walitokea ng'ambo, Mzee Senzia mbele na fimbo yake.

"Leteni mizigo!" akaita.

"Katikati ni hapa, baba," Namkunda akajibu. "Njooni mchukue!"

"Mama, huyaoni maji haya? Mnataka tufe?"

"Tunayaona kila masika. Kwani tulipokosekana kwenye Mkutano mlidhani tumelala?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mama Nakiete akachomoa sufuria ya Mchungaji kwenye mizigo, akaigonga kwa mwiko mpaka kuku wakapiga kelele.

"Mmesikia?" Namkunda akasema. "Hiyo ndiyo kengele. Mkutano uko upande huu, na neno ni moja: Mchungaji abaki. Anayepinga avuke aje aseme. Asiyekuwepo amekubali!"

Mzee Senzia alitumbukiza fimbo apime kina. Mto ukampokonya. Akasimama akiitazama inavyozunguka na kupotea. Alikuwa mzee wa kanisa tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na hajawahi kushuka kuuona Kisaza wakati wa masika.

"Tumekubali," akasema.

Wenzake wakanung'unika kwamba mambo ya kanisa hayaamuliwi kwa sufuria.

"Basi vukeni nyinyi mkawaambie," akawajibu. Hakuna aliyevuka.

Mizigo ikarudishwa Bondeni. Maji yalipopungua, watu wa pande zote mbili walikutana, wakaugawa uongozi wa kanisa pale mtoni: Jimbo la Mlima kule, Jimbo la Bonde huku, kila moja na halmashauri yake ya kupanga wachungaji wake. Mambo ya wote wakayaachia Mkutano Mkuu, ukae kiangazi, mwaka huu huku na mwaka ujao kule. Waumini walipoongezeka, majimbo yakawa dayosisi, na kila dayosisi ikapata askofu wake.

Na tangu siku hiyo Kisaza ni mpaka, na Mkutano hauanzi kwa kengele. Huanza kwa chakula cha jioni. Wenyeji wanapakua makande, halafu katibu anasimama kuita sharika moja moja, na hakuna anayetia mkono kwenye sahani kabla ya wote kuitika. Kama kuna waliochelewa, tunawangoja, makande yakipoa yapoe. Mwaka huu ilikuwa zamu yetu. Wa mwisho kufika walikuwa watu wa Mlimani, viatu mkononi na suruali zimelowa magotini. Wakaitwa, wakaitika, nikawapakulia. Hapakubaki usharika ambao haukuitika. Tukala.