Kituo Kimoja Mteremkoni

Hapo zamani, na zamani yangu mimi ni ya juzijuzi tu, basi lilipokuwa limeshazoeleka milimani na watu wameshaanza kulilalamikia, palikuwa na mji juu kabisa ya mlima ukiitwa Kwamtunda. Sogeeni karibu. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana mwisho nitauliza swali, na jibu silijui.

Basi lilikuwa moja tu, la Bwana Salmini, mtu wa pwani. Asubuhi lilitoka Kwamtunda, likashuka mteremko mkali, likapita msitu mrefu, likafika bondeni kwenye soko kubwa na hospitali. Jioni likarudi. Njiani halikusimama hata kwa dawa. Kwa hiyo watu waliokaa mteremkoni ilibidi kwanza wapande mlima kwa miguu hadi stendi, ndipo wapate basi la kuwateremsha, lipite mbele ya milango yao wenyewe huku wakiiangalia dirishani. Unapanda ili uteremke. Mimi hilo nimejaribu kulielewa likanishinda.

Sasa, watu wa Kwamtunda wana desturi yao ya foleni. Mtu akifika stendi alfajiri hagandi pale kama nguzo. Anaweka kitu chake kwenye mstari, ndoo, kiatu kimoja, hata jiwe, kisha anakwenda zake kunywa chai. Kitu chako ni wewe. Hakirukwi, hakisogezwi, na mwenye haraka atasubiri nyuma ya kiatu kama anavyosubiri nyuma ya mtu. Ukiruka kiatu cha mtu umemruka mwenyewe, na kwenye harusi yao usitegemee kualikwa.

Asubuhi moja nauli ikapanda tena. Wa kwanza kwenye foleni siku hiyo alikuwa Mwantumu, muuza mapeasi, mwanamke wa maneno machache na misonyo mingi, anayekaa kwenye tambarare ya chini ya mteremko. Konda alipomtajia nauli mpya, wengine wakiwa bado kwenye chai, Mwantumu alimtazama, akasonya, akajitwika tenga lake la mapeasi, akaondoka kwa miguu kuufuata msitu. Kwa hasira zake akasahau ndoo aliyokuwa ameiweka mbele ya foleni.

Konda akafungua mlango, akaita watu wapande. Hakupanda mtu. Wangepandaje, na ndoo iko pale mbele haijapanda? Wakamtafuta mwenye ndoo mgahawani, hayupo. Wakamwita, haitiki. Wa pili akamwangalia wa tatu, wa tatu akaiangalia ndoo. Dereva akapiga honi mpaka akachoka, na basi likaondoka tupu.

Hapo ndipo anapoingia Fundi Shekiondo, mshona nguo wa tambarare ya kati, ambako nyumba ni nyingi kuliko kwingine kote mteremkoni. Alikuwa kwenye foleni ile, na jambo lile likamkaa kichwani. Kama ndoo moja imeliondoa basi tupu, ndoo za mji mzima zitafanya nini? Akafunga cherehani yake, akaanza kwenda mlango kwa mlango. Kila nyumba ilete kitu, alisema, kila nyumba iweke kitu kwenye foleni na asipande mtu, mpaka nauli irudi ilipokuwa na basi lisimame mteremkoni. Wagonjwa watabebwa na vijana kwa machela, na zamu za vijana atazipanga yeye mwenyewe. Aliyekataa alirudiwa kesho yake. Aliyekataa tena alirudiwa na mkewe fundi, na huyo hakuna aliyewahi kumkatalia.

Mwantumu aliporudi kuchukua ndoo yake, fundi alimwomba aiache. Alisimama pale muda, maana maji ya kuchota nyumbani yalikuwa yanaihitaji ndoo ile. Mwisho akasonya, akaiacha.

Basi, siku zikaenda, na foleni ikarefuka. Masufuria, miavuli iliyovunjika, kandambili za mguu mmoja, kiti cha mtoto, birika. Vitu vilijipanga kutoka stendi hadi kwenye kona ya msikiti, na binadamu hakuna. Basi lilifika, likafungua mlango, likafunga mlango, likaondoka. Watu walikwenda bondeni kwa miguu, wakarudi kwa miguu, nyayo zikapasuka. Walichoka, lakini walicheka njiani, na mimi nawaambia kicheko cha watu wanaogoma pamoja ni kitamu sana.

Sasa msikilizeni vizuri Kupaza, maana hapa ndipo mimi huanza kuchanganyikiwa.

Kupaza alikaa tambarare ya juu, sehemu yenye nyumba chache. Mkewe alifariki, akamwachia mama yake mzazi, Mama Hidaya, bibi mwenye kisukari na kidonda mguuni. Kidonda kile kilipaswa kusafishwa hospitali kila wiki, na daktari alikwisha kusema kwamba wakikiacha, mguu utakatwa. Kupaza alimtunza mama mkwe wake kwa heshima zote za mkwe: chakula alimwekea mlangoni, akizungumza naye aliangalia pembeni. Lakini kumbeba mgongoni hakuweza. Mkwe habebwi na mkwe wake. Hata ninyi hapo mnajua.

Ilipofika siku ya hospitali, Kupaza aliwasubiri vijana wa machela. Hawakuja. Fundi alikuwa amewapeleka kulinda foleni, kwa sababu upepo wa usiku ule ulikuwa umevitawanya vitu na yeye aliogopa mstari usivunjike. Alidhani zamu ya Mama Hidaya ni kesho yake. Jua likapanda. Bibi akajikongoja na fimbo yake mpaka stendi, Kupaza nyuma yake, na mguu ule unanuka.

Basi lilikuwa limefungua mlango. Kupaza akaiangalia foleni ndefu ya vitu. Kandambili yake mwenyewe ilikuwa kule katikati. Akaiokota, akaivaa, akamwongoza mama mkwe wake kwa sauti tu, bila kumgusa, wakavipita vitu vyote vile, wakaipita na ndoo ya mbele kabisa, wakapanda.

Watu waliokuwepo wakageuza nyuso. Mmoja wao akasema kwa sauti ya chini, "Ametupita sote." Na kweli alikuwa amewapita wote.

Ndani ya basi alikuwemo Bwana Salmini mwenyewe, amekaa karibu na dereva, tasbihi mkononi, anatoka jasho. Alikuwa amekuja kulichukua basi lake moja kwa moja. Mnunuzi alishapatikana. Ile ilikuwa safari ya mwisho, na baada yake Kwamtunda isingekuwa na basi la nauli kubwa wala ndogo.

Alipomwona mtu anapanda alishtuka, kisha akamsogelea Kupaza akamwuliza taratibu, kama mtu anayeogopa kusikika, "Ndugu yangu, niambie ukweli. Nani aliyenitegea dawa zile?"

"Dawa zipi, bwana?"

"Zile ndoo. Vile viatu vya mguu mmoja. Tangu viwekwe, gari langu halipati mtu. Mimi nina watoto, ndugu yangu. Nimewakosea nini watu wa milima hii?"

Kupaza alimtazama, akadhani anataniwa. Alipoona jasho la mtu yule ni la kweli, akamwambia, "Bwana, zile si dawa. Wale ni watu."

Akamweleza yote, huku msitu unapita dirishani. Kwamba ile ndoo ni Mwantumu. Kwamba lile birika ni familia nzima. Kwamba wanachotaka ni nauli irudi na basi lisimame mteremkoni.

Mnaona kosa lao? Mji mzima umegoma, mji mzima umetembea mpaka nyayo zimepasuka, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwambia mwenye basi wanataka nini. Fundi alidhani konda amemwambia. Konda, naye mtu wa pwani asiyeijua desturi ile, alidhani ni uchawi na alikuwa anaogopa kuvitaja vitu vile. Wengine wote walidhani vitu vile vinasema vyenyewe. Kwa nini umweleze mtu jambo analoliona kwa macho yake? Nikifika hapa sijui nicheke au nilie.

Bwana Salmini akamwambia mnunuzi kwamba haliuzi tena. Nauli ikarudi ilipokuwa. Lakini kuhusu kusimama alisema, kusimama kwenye mteremko ule kunamaliza breki, na akijitahidi sana atasimama mahali pamoja. Mahali pamoja tu. Na basi linaweza kutulia penye tambarare tu, na tambarare mnazijua: ya juu kwa Kupaza, ya kati kwa fundi, ya chini kwa Mwantumu. Akaleta nguzo ya chuma yenye kibao, akaleta mafundi, wakachanganya zege pale pale stendi, wakalipakia kwenye basi. Akawaambia watu wapande na wachague njiani. Basi lipite taratibu, na pale watakapokubaliana kusema "shusha", hapo nguzo itasimikwa. Likifika msituni bila kauli moja, anaitupa nguzo na habari ya kituo imekwisha.

Watu wakapanda. Sasa sikilizeni maneno yao, maana yalisemwa kabla basi halijaondoka.

Mwantumu alisimama kwanza. Akasema, "Bila mimi, mgomo huu haupo. Ni ndoo yangu iliyosimamisha watu. Nyumbani kwangu maji nimechotea sufuria muda wote huu. Na mimi ndiye wa chini kabisa, ndiye ninayepanda mlima wote na tenga kichwani. Kituo ni changu."

Watu wakasema ni kweli. Mmoja akamkumbusha kwamba ndoo ile aliisahau. Akajibu kwamba siku ya kwanza aliisahau, ndiyo, siku zote zilizofuata aliiacha, na kuacha ni kazi. Nalo wakaliona ni kweli.

Fundi Shekiondo akasema, "Bila mimi, ile ilikuwa ndoo iliyosahauliwa, na kesho yake ingechukuliwa na mwenyewe. Mimi ndiye niliyeifanya kuwa sauti ya watu. Nimefunga cherehani yangu, wateja wamehamia kwa fundi mwingine, sijui kama watarudi. Na siombi kituo kwa ajili yangu. Tambarare ya kati ina nyumba nyingi kuliko zile mbili zikijumlishwa."

Watu wakasema ni kweli. Kisha mtu mmoja nyuma akauliza, je, aliyekusanya sauti zote za mji halafu akasahau kumpelekea mwenye basi, tumwiteje? Na wale vijana wa machela je? Fundi akainamisha kichwa. Alisema hajalala vizuri tangu siku ile, na mimi namwamini.

Kupaza hakutaka kusema. Wakamlazimisha. Akasimama akiangalia pembeni, maana mama mkwe wake alikuwa amekaa kiti cha mbele yake.

"Nimewapita," akasema. "Nimevipita vitu vyenu vyote, na ningepita tena. Kama nisingewapita, basi hili leo lingekuwa la watu wengine. Lakini sikupita kwa ajili yenu. Nilipita kwa ajili ya mguu huu. Sasa mkiniuliza kama ninastahili, sijui nishukuriwe au niombe radhi."

Basi zima likagawanyika. Wapo walioona huyu ndiye aliyewaokoa. Wapo walioona huyu ni msaliti aliyebahatika, na kama kila mwenye shida angepita, kusingekuwa na foleni ya kumtisha Bwana Salmini. Na wapo, hao ndio wengi, walioona yote mawili kwa wakati mmoja wakabaki wanakunakuna vichwa. Mimi nimo humo.

Ndipo Mama Hidaya akanyanyua mkono. Akasema, "Wanangu, mguu huu msiupigie kura. Mkiniwekea kituo mlangoni kwa kunihurumia, siku nikifa mtakijutia. Mpeni anayestahili." Kisha akaongeza kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mtu anayeogopa, "Lakini kupanda mpaka stendi mara nyingine, sitaweza."

Sasa amesema nini hapo? Amekataa au ameomba? Dereva akawasha moto. Basi likatoka stendi, likainama kwenye mteremko, zege likicheza ndani ya ndoo za mafundi na kuanza kukaza. Tambarare ya juu ikaonekana: nyumba chache, mlango wa Kupaza, na kiti kitupu cha bibi uani. Dereva akapunguza mwendo. Kupaza alifumba macho. Mwantumu alisonya chini chini. Fundi alikuwa anaangalia mikono yake. Breki zililia, na kila mtu alisubiri mwenzake aseme.

Haya, niliwaambia nitauliza. Nyote mmo ndani ya basi lile, na tambarare ya juu inapita hiyo. Je, mnasema shusha, au mnanyamaza mlango wa bibi upite? Na mkinyamaza, mbele huko kituo mtampa nani, na mtamwambia nini Mama Hidaya?